Neno Halitangulii Chakula

Mama Athanasie alipowaambia majirani zake wa Lushebere kwamba anakwenda kulala kambini, jirani mmoja aliacha kupepeta maharagwe na kumuuliza ni nani aliyemfukuza. Wala hakuwa anatania. Katika vilima vile, kwa miaka mingi sasa, hakuna aliyewahi kusikia mtu mwenye nyumba ya mabati, ng'ombe na akili timamu akienda kambini kwa kupenda. Kambi ni shitingi za kujikinga mvua, ni foleni ya maji, ni unga wa msaada. Athanasie alilazimika kueleza, tena na tena, kwamba hii ni kambi ya namna nyingine: kambi ya wanawake wavuvi, ndani ya msitu, mbele ya Kibua, ambako hujenga vibanda vya majani wakati wa kiangazi, huvua samaki, na mvua zikikaribia hurudi makwao kwa hiari yao. Jirani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hata hivyo achukue blanketi.

Safari ilikuwa na sababu moja tu. Mwanawe wa pekee, Mahoro, mwalimu wa shule ya msingi, alitaka kumwoa Gaëlle, muuguzi wa Kibua. Walijuana hapo Lushebere wakati wa chanjo, na binti alikwisha kukubali. Lakini baba wa binti alikuwa marehemu, na neno la mwisho lilikuwa mikononi mwa mama yake, Mama Rosalie. Mwaka uliopita ukoo ulimtuma Rukara, shemeji ya Athanasie, mtu mwenye kofia nzuri, fimbo nzuri na maneno mazuri kuliko vyote viwili, apeleke posa. Rukara alirudi na jibu fupi: Mama Rosalie amekataa. Alipoulizwa sababu, alisema watu wa msituni wana vichwa vigumu, akaomba maziwa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mahoro hakulalamika. Alikonda tu. Jioni alikaa na daftari za wanafunzi mbele yake, asisahihishe hata moja. Athanasie alimvumilia mavuno mawili ya maharagwe, kisha akawaambia wakubwa wa ukoo kwamba atakwenda mwenyewe. Rukara alisema posa haipelekwi na mwanamke, sembuse mwanamke peke yake, sembuse juu ya pikipiki. Athanasie alimjibu kwa upole kwamba neno likimshinda mwenye fimbo, si vibaya lijaribiwe na mwenye usukani.

Pikipiki ile ilikuwa na historia yake. Mume wake alipofariki, Athanasie aliwategemea wachukuzi wampelekee maziwa Masisi-centre, nao walifika wakati wanaotaka wao, na maziwa yalichacha wakati yanaotaka yenyewe. Akauza ndama, akanunua pikipiki iliyotumika, akajifunza kuiendesha katika malisho, huku ng'ombe wakisimama kando kumwangalia kama baraza la wazee. Aliangukia mavi mara nyingi kuliko alivyopenda kusimulia. Rukara alisema mwanamke juu ya pikipiki ni kama ng'ombe juu ya paa. Siku hizi Rukara mwenyewe alikuwa akiomba lifti kwenda misa, akikaa nyuma na kofia yake mapajani.

Basi aliondoka asubuhi, ukungu ungali umelala mabondeni. Nyuma alifunga bidoni, dumu la plastiki, la mashanza, yaani maziwa yaliyoganda vizuri, zawadi ambayo kwao haiwezi kukataliwa na mtu yeyote mwenye ulimi. Juu yake alifunga jibini moja la duara, blanketi la jirani, shitingi, na kitenge kipya cha kuvaa akifika. Kichwani alikuwa na kasike, kofia ngumu ya pikipiki, na ndani ya kasike alikuwa na hotuba. Aliitunga kwa muda mrefu. Ilianza na shukrani kwa Mungu na mababu wa pande zote mbili, ikapita kwa ng'ombe na mito, na ilikuwa na mahali pawili pa kusimama ili msikilizaji apate kusema “ndiyo”.

Alipita Masisi-centre bila kusimama, na hapo ndipo furaha ilipomshika. Siku zote barabara kwake ilikuwa na mtu mwishoni mwake, mwenye ndoo na malalamiko. Leo hakuna aliyemngoja. Malisho yalishuka kulia na kushoto yakiwa ya kijani kama yamepakwa rangi, ng'ombe walikuwa wadogo kama maharagwe katika miinuko, na kila kona ilifungua kilima kingine ambacho hakukijua jina. Watoto walikimbia kandokando wakipiga kelele kwamba huyu ni mwanamke, huyu ni mwanamke, kana kwamba yeye mwenyewe hajaambiwa. Aliimba wimbo wa kwaya, sauti ya pili peke yake, kwa kuwa ndiyo aliyozoea, na sauti ya kwanza akaiachia injini.

Baada ya Nyabiondo kulikuwa na barieri: kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, na vijana watatu waliochoka kukaa. Mmoja alimzunguka yeye na pikipiki yake, akatazama mizigo, akauliza:

“Mama, bwana yako iko wapi?”

“Iko mbinguni,” Athanasie akamjibu. “Ulikuwa na neno ya kumutumia?”

Wenzake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Yule aliyeuliza alijaribu kubaki na uso wa kazi, ukamshinda, akashusha kamba mwenyewe. Tena akamwonya kwamba daraja la mbele limebaki magogo mawili.

Yalikuwa magogo mawili kweli, na moja lilikuwa na tabia ya kugeuka. Athanasie alishusha mizigo, akaivusha kidogo kidogo, kisha akarudi kuivusha pikipiki, yeye akitembea juu ya gogo moja na magurudumu yakitembea juu ya jingine, injini ikinguruma taratibu, naye akiisemesha kama anavyomsemesha mtamba anayekamuliwa mara ya kwanza. Ng'ambo alifika salama. Ni baada ya kufika salama, akiwa kwenye udongo mkavu, mbele ya mama mmoja aliyebeba mihogo, ndipo alipoteleza akakaa katika dimbwi moja tu lililokuwapo mahali hapo. Yule mama alitua mzigo wake kwanza, akamvuta mkono, na wote wawili wakacheka bila kujuana majina.

Kutoka Kashebere nchi ilibadilika. Hewa ilipata joto, malisho yakaisha, migomba ikaingia barabarani, na nyuma ya migomba msitu ukasimama mweusi na mrefu. Athanasie alivua koti, halafu sweta, halafu akajuta kuvaa soksi. Barabara nayo ilikuwa mawe na mashimo, na kila shimo bidoni lilijibu nyuma yake: chubwi, chubwi, chubwi. Kibua hakusimama kwa Gaëlle, maana si vizuri mama mkwe kuonana na binti kabla neno halijasemwa. Aliuliza njia kwa mwenye duka, akaoneshwa kichochoro kinachoingia msituni, akakifuata mpaka aliposikia maji na sauti za wanawake.

Sauti zilinyamaza zilipoisikia injini. Wanawake saba au wanane walitoka vibandani, wengine na visu vya kupasulia samaki, mmoja na mwiko. Kambi yenyewe ilikuwa vibanda vinne vya fito vilivyoezekwa kwa majani mapana, uchaga wa kukaushia samaki ukifuka moshi, vikapu vimeinamishwa juani, na chini yake kijito chenye maji ya rangi ya chai. Athanasie alizima injini, akavua kasike.

“Ee Yesu,” akasema mwanamke mmoja mwembamba, “kumbe ni mama muzima.”

Huyu alikuwa Noëlla, mdogo wake Rosalie, mtu ambaye mdomo wake ulitangulia miguu popote alipokwenda. Mume wake alikuwa akichimba madini huko Omate, na yeye alipenda kusema kwamba kati yao wawili, ni yeye peke yake anayeona anachokitafuta. Nyuma yake alisimama mwanamke mfupi, mpana, mikono mitupu hadi mabegani na magamba ya samaki yaking'aa kwenye vidole. Athanasie hakuhitaji kuambiwa. Alisalimu kwa mikono miwili, akasema yeye ni mama wa Mahoro wa Lushebere.

Mama Rosalie aliosha mikono, akamtazama mgeni kuanzia matope ya magotini mpaka nywele zilizolala kwa kasike, akamwonesha gogo la kukalia.

“Karibu,” akasema. “Kaa. Kula.”

Liboke, furushi la majani lenye samaki, lilikuwa limetolewa motoni wakati huohuo. Noëlla alilifungua, na mvuke ukatoka wenye harufu ya mawese, vitunguu na pilipili. Ndani alilala kambare mzima na sharubu zake, na pembeni ndizi zilizopondwa. Athanasie hakuwa ametia kitu tumboni tangu chai ya asubuhi. Lakini alikuwa ametoka kwenye nyumba nzuri, na watu wa nyumba nzuri, huko kwao milimani, hawali kwa watu wasiowazoea, hasa watu wanaotarajiwa kuwa wakwe. Mgeni wa heshima akikaribishwa mara ya kwanza husema ameshiba. Akikaribishwa mara ya pili husema alikula njiani. Mara ya tatu mwenyeji humshika mkono na kumsihi, na hapo mgeni hukubali kidogo, kana kwamba anamfanyia mwenyeji hisani. Mtoto anayeruka hatua hizi hupigwa jicho na mama yake, na akifika nyumbani huongezewa.

“Asante, mama,” akasema Athanasie. “Nimeshiba.”

Mama Rosalie aliitazama pikipiki yenye matope. “Umetoka Lushebere leo?”

“Leo. Nilikula njiani.”

Athanasie alilegeza mkono wa kuume ili uwe tayari kushikwa. Mama Rosalie alitikisa kichwa polepole, akalichukua lile liboke, akawasogezea wenzake. Walikula lote. Walinyonya mifupa, wakapitisha kipande cha mwisho cha ndizi katika mafuta, wakalamba vidole kimoja baada ya kingine. Mkono wa Athanasie ulibaki gotini kwake, haukushikwa na mtu.

Alijifariji kwamba angalau sasa ataulizwa kilichomleta. Kwao mgeni haanzi, huulizwa. Akakaa wima, akaipitia hotuba yake kimoyomoyo. Hawakumwuliza. Walizungumza juu ya bwawa la kesho, upande gani wa kijito umevuja, nani alisahau kuleta udongo wa kuzibia. Walikuwa wachangamfu baina yao, na kwake walikuwa na adabu tu, adabu kama ya mtu anayempisha mwingine njiani. Jua lilipoanza kushuka nyuma ya miti, Athanasie aliamua kuvunja desturi yake.

“Mama Rosalie, nimekuja kwa sababu ya—”

“Bado,” akasema Mama Rosalie, bila ukali, akiendelea kupanga samaki juu ya uchaga.

Akangoja. Alimsaidia mmoja kuokota kuni ili asionekane kama sanamu. Akajaribu tena, akaanzia kwa shukrani kwa Mungu, maana nani atamkatiza mtu anayemshukuru Mungu. “Bado,” akasema tena Mama Rosalie, na hata Mungu akangoja. Moyo wa Athanasie ulianza kushuka. Alimwona Rukara akirudi na jibu lake fupi, alimwona Mahoro na daftari zake, na akaona yeye mwenyewe kesho akivuka magogo yale mawili bila kitu mkononi. Kisha tumbo lake, ambalo halikufundishwa adabu ya nyumba nzuri, likanguruma kwa sauti iliyosikika vibanda vyote vinne.

Noëlla alitazama juu. “Mvua inakuja?”

“Ni tumbo ya mama wa moto,” akajibu mwingine kutoka gizani mwa kibanda, akimaanisha pikipiki.

“Haiwezekani. Yeye alishiba.”

Walicheka, na ndani ya kicheko hicho Athanasie alisikia kitu chenye ncha. Akakumbuka zawadi zake. Alikwenda kwenye pikipiki, akarudi na jibini na bidoni, akapiga magoti kama inavyotakiwa, akasema hivi ni vya ng'ombe wake, amevikamua na kuvigandisha kwa mikono yake. Jibini lilipita mkono kwa mkono. Noëlla aling'ata ukingo wake, akatafuna kwa mashaka, akauliza kama hii si sabuni, kisha akang'ata tena ili apate uhakika. Bidoni sasa. Athanasie alifungua kifuniko, akamimina katika kikombe, na badala ya mashanza mazito, meupe, yanayoanguka polepole kama nguo, yakatoka maji ya chachu yenye mabonge ya njano yakielea.

Aliangalia ndani ya bidoni, akaangalia kikombe. Kule kwao wanawake hukaa na kibuyu mapajani wakikisuka mbele na nyuma mpaka siagi itoke, na mikono hufa ganzi. Barabara ya Kashebere ilikuwa imefanya kazi hiyo tangu asubuhi bila kuombwa.

“Njia yenu imesuka siagi,” akasema kwa unyonge. “Niliweka mashanza. Njia ndiyo imeharibu.”

Harufu ilikuwa imekwisha kuizunguka kambi. Wanawake wale hawakulelewa kwa maziwa. Mmoja alisogea nyuma, mwingine akakumbuka ana kazi uchagani, na Noëlla alijiziba pua kwa kitenge bila kujificha. Mama Rosalie peke yake hakuondoka.

“Hii kwenu ni chakula?”

“Ni chakula ya heshima, mama. Lakini imeharibika. Usiikunywe.”

Mama Rosalie alichukua kikombe. Alifumba macho, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi, akanywa. Koo lake lilipanda na kushuka. Bonge moja la siagi lilibaki kwenye mdomo wa juu, naye akalirudisha ndani kwa ulimi, kwa ujasiri. Machozi mawili yalimtoka. Alimaliza kikombe chote, akakigeuza chini juu ili kila mtu aone, akamrudishia mgeni kwa mikono miwili.

“Mama, haukupenda,” Athanasie akasema.

“Sikupenda hata kidogo.” Mama Rosalie alijifuta macho. “Lakini umeitoa kwako, umevuka nayo milima. Kukataa chakula ya muntu ni kumukataa yeye mwenyewe. Shemeji yako mwenye fimbo, alikuja kwangu Kibua. Nilimuchinjia kuku. Akasema ameshiba. Nikamupa ndizi, ameshiba. Nikamupa maji, mama, hata maji alikuwa ameshiba. Halafu akaanza kutuambia mambo ya ndoa. Huku kwetu neno haitangulie chakula. Nikajiuliza, muntu anaogopa sumu yangu, mutoto wangu anamutakia nini? Ao labda kwao hawakulake chakula kabisa, Gaëlle aende kufa njaa mulimani?”

“Na njaa alikuwa nayo,” Noëlla akaongeza kupitia kitenge chake. “Alipotoka kwetu, mimi nilimuona nyuma ya duka. Anakula mandazi na mikono yote mbili. Kofia ameitia kwapani.”

Hapo Athanasie aliona yote kwa mara moja, kama mtu aliyefunguliwa dirisha: Rukara aliyengoja kushikwa mkono, kuku aliyepoa, Rukara nyuma ya duka na mashavu yamejaa. Na yeye, mwerevu wa familia, aliyetoka mbali kurekebisha kosa hilo, amekaa juu ya gogo na kulirudia neno kwa neno. Alianza kucheka. Alijaribu kujizuia, kicheko kikazidi, akacheka mpaka akashikilia bidoni lisianguke. Wanawake walirudi kumwangalia, maana hawajaona mgeni akicheka peke yake namna ile. Alipopata pumzi aliwaeleza. Aliwaambia kwamba kwao anayekula mara moja huitwa mlafi, kwamba mtu mwenye malezi hukataa, na hukataa tena, mpaka ashikwe mkono.

“Munakataa mara ngapi?” akauliza Noëlla.

“Mbili. Ya tatu munatushika.”

“Na kama mwenyeji hajue kuhesabu?”

“Basi tunalala na njaa na heshima yetu.”

Kicheko kilikipanda kijito chote. Yule aliyekumbuka kazi uchagani aliisahau tena. Mama Rosalie hakucheka sana. Alikuwa akimtazama Athanasie, na kitu usoni mwake kilikuwa kimelegea, kama fundo la kamba iliyolowa likipata jua.

Athanasie alijua kilichobaki ni chake. Akasema sentensi ambayo hakuwahi kuitamka mbele ya watu tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

“Mama Rosalie, niko na njaa.”

Liboke jingine lilifunguliwa. Kambare alimtazama kwa jicho jeupe. Marehemu nyanya yake alimwita samaki nyoka wa majini, na hakuna mtu wa nyumba yao aliyewahi kumtia mdomoni. Zaidi ya hapo, mama mkwe wake alimfundisha kwamba maziwa na samaki havikutani katika nyumba moja siku moja, ama sivyo chuchu za ng'ombe hupasuka. Mama Rosalie aliona anasita, akaanza kumtengea ndizi tupu, akisema si lazima. Athanasie akawafikiria ng'ombe wake, walio nyuma ya milima mingi, wakicheua kwa amani, na akaona hakuna njia ya wao kupata habari. Akamega nyama ya mgongoni, akaitia mdomoni.

Haikuwa nyoka. Ilikuwa laini na tamu na kali kwa pilipili, na ilikuwa na moshi ndani yake, na iliyeyuka kabla hajapata muda wa kuiogopa. Noëlla alikaa karibu naye kumfundisha kuutafuta mwiba kwa ulimi, akimwonya kwa kila tonge kana kwamba anamvusha daraja. Athanasie alimaliza samaki wa kwanza. Alipokaribishwa wa pili hakusema ameshiba. Alipoulizwa kama ataongeza ndizi, alisogeza jani lake. Wanawake walimtazama kwa furaha, kama watu wanaotazama mvua ikiingia shambani, na Noëlla alisema kwamba sasa anaelewa kwa nini watu hawa hukataa kwanza: ni huruma kwa mwenyeji.

Ndipo Mama Rosalie alipoosha mikono, akaikausha kwa kitenge, akakaa mbele yake.

“Sasa sema.”

Hotuba ilikuwa imetoweka. Athanasie aliitafuta pale ilipoanzia, kwa Mungu na mababu, hakuona hata mkia wake. Mafuta ya mawese yalikuwa bado kidevuni.

“Mutoto wangu anapenda mutoto wako,” akasema. “Anamupenda vibaya, hata kula hawezi, na mara hii si adabu. Nimekuja kukuomba. Gaëlle kwangu hatalala njaa. Akikataa chakula mara moja tu, nitamushika mukono.”

Moto ulilia kidogo. Hakuna aliyetania, hata Noëlla.

“Nimesikia,” akasema Mama Rosalie. “Neno kubwa haijibiwe jioni. Lala.”

Athanasie alilala juu ya majani, chini ya blanketi la jirani, akidhani atakesha kwa wasiwasi. Lakini tumbo lililoshiba halikubaliani na wasiwasi, na alipofumbua macho ndege walikuwa wamekwisha kuanza, na kambi nzima ilikuwa inateremka kijitoni na vikapu.

Alivaa kitenge chake kipya, akawafuata. Bwawa lilikuwa tayari: magogo yamelazwa kukata maji, majani yameshindiliwa katikati, udongo umepakwa juu. Upande wa chini maji yalikuwa yamefungiwa, na samaki walikuwa humo wakipiga mikia. Kazi sasa ilikuwa kuyachota maji yale yote na kuyatupa ng'ambo ya bwawa mpaka matope yabaki na samaki wabaki. Wanawake walishuka, wakapanga mstari, mabega karibu na mabega. Mmoja alimwelekeza Athanasie jiwe la kukalia ukingoni. Alimweleza kwamba mgeni haingii kwenye mstari, hata awe mke wa mwami, mtawala wa eneo, maana bwawa linajua mikono ya wenyewe, na mkono wa kigeni hulipasua. Mstari ni wa watu wa nyumba: dada, mabinti, wake wa kaka.

Athanasie akakaa juu ya jiwe, magoti pamoja, kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani wa mtoto. Walianza kuchota. Mmoja aliimba, wengine wakaitikia, vikapu vilishuka pamoja na kupanda pamoja, na maji yaliruka juu ya bwawa kama pazia. Mama Rosalie alikuwa katikati. Hakugeuka hata mara moja. Athanasie aliutazama mgongo wake, akajaribu kuusoma, mgongo haukusema kitu. Maji yalifika magotini, yakashuka. Kambare wa kwanza alionesha sharubu. Wimbo uliisha, ukaanza mwingine.

Katikati ya wimbo huo wa pili, bila kuacha kuchota, Mama Rosalie alisogea nusu hatua kushoto. Noëlla, aliyekuwa kulia kwake, alijaribu kusogea naye, kama mstari unavyotaka, lakini dada yake akamzuia kwa kiwiko. Nafasi ikabaki kati yao, upana wa mtu mmoja. Noëlla aliitazama nafasi ile, akamtazama dada yake, na wimbo ukamfia mdomoni. Vikapu vikasimama, kimoja baada ya kingine.

“Mama Mahoro,” akasema Mama Rosalie, macho yake kwenye maji. “Unangojea tukushike mukono?”

Athanasie hakukataa mara ya kwanza wala ya pili. Alishuka na kitenge chake kipya, viatu na vyote, akaingia mpaka magotini, na vigelegele vya Noëlla vikawarusha ndege kutoka kwenye miti ya ng'ambo. Mtu alimpa kikapu. Matope yalimeza kiatu cha kushoto, naye akaona kiende tu. Bega la Mama Rosalie lilikuwa hapa, bega la Noëlla lilikuwa hapa, na chini ya miguu yake kitu chenye sharubu kilimpapasa kifundo, akapiga ukelele, na mstari mzima ukacheka.

Alikizamisha kikapu, akakiinua kwa nguvu zake zote za kukamua ng'ombe, akayatupa maji moja kwa moja usoni pa Mama Rosalie.

Mama Rosalie alisimama akichuruzika. Alijifuta jicho moja, kisha la pili.

“Maji inaenda kule, mukwe wangu,” akasema, akimgeuza mabega kwa mikono yake mipana. “Kule.”

Athanasie akachota tena.